Pikipiki Iliyoponywa na Kila Mtu

Pikipiki yangu ilijichagulia pa kuzimikia: mbele ya Uwanja wa Ndege wa Juba, pale ambapo askari hawapendi kitu chochote chenye magurudumu kisimame na kutafakari. Ilikohoa mara mbili, ikapiga chafya ya moshi, kimya.

Kosa lilianzia kwangu. Nilikuwa nyumbani Kakamega miezi saba, nayo nikaiacha uani, mtaa wa Munuki, chini ya mwembe, nimeifunika turubai kama marehemu wa heshima. Kabla ya kuondoka nilijaza tangi pomoni ili kutu isipate pa kukaa, jambo ambalo fundi yeyote angenipongeza. Halafu nikasahau kufunga koki na kumwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta, jambo ambalo fundi huyohuyo angenichapa. Kwa joto la Juba sehemu yote nyepesi ya petroli huruka, ikiacha utando wa rangi ya chai unaonata kama gundi. Jeti ile ndogo, inayolisha injini kwenye mwendo wa chini, ina tundu ambalo hata unywele ukipita unaomba radhi. Likiziba, pikipiki huwaka kwa choki tu, na ukiondoa choki inakuaga.

Siku iliyotangulia nilishinda uani nimepiga magoti. Nilisugua plagi. Nilizibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, maana waya wa chuma hupanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Kwenye boksi la filta nilikuta panya amejenga nyumba ya vyumba viwili. Nikamwaga petroli iliyooza, nikajaza mpya hadi shingoni. Jioni injini iliunguruma nusu saa bila kukosa pigo, mimi nimesimama pembeni, kifuniko cha tangi mkononi, naitazama kama mtoto aliyeanza kutembea. Hicho kifuniko kiweke akilini.

Haraka yote ilikuwa ya mjomba, aliyekuwa anakuja na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi. Mjomba amezeekea kwenye matrekta ya miwa, na hapandi teksi ikiwa kuna jamaa yake mwenye chombo.

Wa kwanza kunifikia walikuwa vijana wa bodaboda, na hawakuja kwa pole. Tangu 2013 serikali ilipowapiga marufuku wageni kubeba abiria kwa pikipiki, mgeni mwenye helmeti mbili langoni pa uwanja wa ndege ana maelezo ya kutoa. Nikaeleza. Mmoja wao alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake kilininyooshea changu. "Mzee, mafuta yapo?" Akafungua kifuniko, fyuuu, akachungulia. Yapo, tele. "Basi ni plagi." Akaichomoa, akaipiga msasa, akairudisha. Teke moja, ikawaka! Vijana wakapiga makofi, nami nikampa hela ya soda.

Nikaizungusha kuitafutia kivuli, ikafa tena kabla ya kukifikia.

Hapo palikuwa na muuza petroli wa chupa. Alifungua kifuniko, fyuuu, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika majibu mabaya. "Hii ina maji." Akaongeza tone la yake, akaniuzia chupa nzima ya akiba, akafunga. Teke moja, ikawaka. Safari hii ilidumu hadi nilipokuwa nimeshamlipa na kugeuka.

Nikaona nimwulize fundi wangu wa Kakamega. Nikatoa simu nipige picha ya kabureta. Hili msilijaribu. Juba si mji wa kupiga picha bila kibali, seuze mgongo wako ukiwa umeelekea njia ya kurukia ndege. Askari alinifikia kabla sijabonyeza. "Sura mafi!" Kwa Kiarabu cha Juba sura ni picha na mafi ni hakuna, mimi sura yangu ilikwisha kuondoka yenyewe. Akafungua tangi aone nimebeba nini, fyuuu, akamulika tochi, akafunga, akanyoosha mkono: ondoka. Teke moja, ikawaka. Nikaanza kuamini kwamba chombo kile kilikuwa kinaiogopa serikali.

Kilizimika palipokuwa na mama muuza chai, na hapo ndipo mjomba alipotokeza akiburuta sanduku, akinionyesha saa ya mkononi. "Umenichelewesha saa nzima!" Saa yake ilikuwa ya Nairobi. Sudan Kusini ilirudisha mishale nyuma saa moja tarehe 1 Februari 2021, habari ambayo mjomba aliisikia kwangu na kuikataa. Akavua koti, akainama, akafungua kifuniko. Fyuuu.

"Hawa mafi," akasema mama chai, bila kuinua macho kwenye birika.

Nilidhani anatusema sisi: hawa watu ni bure kabisa. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Kijana wa Kakuma, aliyekuwa amekuja kumtembelea mgonjwa wake, akacheka mpaka akashika goti. "Mzee, hawa ni hewa. Anasema hakuna hewa. Kila mkifungua, inavuta pumzi."

Mjomba akakigeuza kifuniko juani. Kile kitundu cha kuingizia hewa kilikuwa kimekandikwa udongo, laini, umelainishwa kwa ustadi. Nyigu mfinyanzi alikuwa amehamia wakati nipo Kakamega. Petroli ilishuka bila hewa kuchukua nafasi yake, kama mtu anyonyaye chupa ya soda bila kuachia midomo, hadi mafuta yakagoma. Na kwa kuwa nilijaza pomoni, ile hewa kidogo ya ndani iliisha upesi zaidi. Kila mganga alianza kwa kufungua tangi, na hapohapo alikuwa ameshatibu.

Mama chai alitoa kijiti cha ufagio. Mjomba akachokoa, akapuliza, akafunga, tukaenda Munuki bila kikohozi. Tulipofika alipiga simu nyumbani kusema kwamba ameitengeneza kwa dakika moja baada ya mimi kushindwa miezi saba.

Siku hizi nikipita pale, askari hujipiga kifua na kuniuliza inaendeleaje. Kijana wa Kakuma ameambia kituo kizima kwamba ilikuwa plagi, ingawa alikuwepo. Muuza petroli hunilazimisha chupa, eti bila yake injini ingekuwa kaburini. Mama chai hasemi kitu. Huuliza tu kama nataka tangawizi.