Pikapu ya Vitunguu na Pesa za Sofa

Pikapu yetu ilinunuliwa kwa ajili ya vitunguu. Nalisema hilo mapema kwa sababu mgeni akiikuta uani leo, na bampa lake la mabomba, keria juu ya kabini na bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa, hudhani tumefungua kampuni ya utalii. Wapi! Tunakodi shamba Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya chemchemi. Kutoka Arusha hadi Karatu unakwenda kwenye lami mpaka unasinzia. Kutoka Karatu kuteremkia Mang'ola, kipindi hicho, ilikuwa vumbi, mawe na makorongo. Na mvua ikishanyesha, Mungu akupe subira.

Baba watoto aliipata mnadani, kwenye magari ya mradi uliokuwa umefunga shughuli. Ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990, kabini mbili, injini ya dizeli ya lita 2.8, springi za majani mbele na nyuma, na eksele ya mbele ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Fundi wetu aliingia uvunguni, akatoka na vumbi kwenye kope.

"Mama, hapa mmepata gari," akaniambia. "Gari lisilo na mbwembwe ndilo linalofika."

Akaandika karatasi ya mambo ya kufanya: mafuta ya difu zote mbili yamwagwe, mkanda wa taimingi ubadilishwe, beringi za magurudumu zipakwe grisi upya, breki zikaguliwe, filta ya dizeli itolewe. Baba watoto aliikunja karatasi ile, akaitia mfuko wa shati. Shati likaenda kufuliwa, karatasi nayo.

Lawama nyingine niipe Arusha. Mji huu una gereji ambazo Land Cruiser hukatwa katikati, ikaongezewa urefu na viti, paa likafanywa la kuinuka ili wageni wasimame watazame simba. Mwanamume akipita hapo kila jioni akitoka kazini, akayaona magari yale yamepanda juu, yamevaa vyuma, akirudi nyumbani akaikuta Hilux yake imejilalia chini ya mwembe, lazima roho imsute.

Aliyekuja kuuchochea moto ni shemeji, mdogo wake baba watoto. Shemeji hana gari, lakini hakuna gari ambalo hana ushauri nalo. Alikuja Jumapili, akala, akanawa, akaizunguka pikapu huku akichokonoa meno.

"Kaka, hii imekaa chini mno. Ukikutana na jiwe korongoni, umekwisha."

Wiki ile ile springi zikaongezewa majani, zikafungwa shokapu ndefu, pikapu ikapanda sentimita tano. Sentimita tano ni kitu kidogo ukizitazama kwenye rula. Kwa mama mkwe, na magoti yake, ni mlima. Siku ya kwanza alishika mlango, akapima kwa jicho, kisha akamgeukia mwanawe: "Baba, umenunua gari au umenunua dari?" Kigoda changu cha kuchambulia mboga kikahamia kwenye pikapu, na jikoni hakijarudi. Springi nazo zilikuwa zimekakamaa. Gari likiwa tupu lilituruka-rusha hata kwenye tuta dogo, na trei ya mayai niliyonunua Karatu ilifika Arusha ikiwa imebakiza kukaangwa tu.

Gari likishainuka, tairi za zamani, 205R16, zikaonekana za kitoto. Zikaja 7.50R16, zile zinazovaliwa na Land Cruiser za kazi. Kila lilipokata kona zilisugua madigadi, kwa hiyo fundi wa bodi akaja nyumbani na grainda kupunguza. Cheche ziliruka hadi kwenye kamba ya nguo. Nina shuka moja la bluu ambalo ukiliinua dirishani unaona nyota.

Madhara makubwa ya tairi zile yaligunduliwa kwanza na trafiki mwenye tochi, kwenye kijiji chenye kibao cha 50. Tochi ilisoma 54. Baba watoto aliapa kwamba mshale wake ulikuwa 50 kamili, wala haukutikisika. Akalipa 30,000, akarudi amenuna. Binti yetu wa kidato cha pili ndiye aliyefumbua fumbo. Alizungusha kamba kwenye tairi la zamani lililoegemea ukuta, akaipima: mita 2.32. Akazungusha kwenye jipya: mita 2.53.

"Baba, dashibodi inahesabu mizunguko, haijui kama umebadilisha tairi," akasema. "Ikikuambia kilomita 100, wewe umekwenda 109."

Baba watoto alimsifu kwa hesabu, akaingia ndani. Mimi, niliyeshika daftari la matumizi ya nyumba hii, nikabaki na swali. Kama mshale wa mwendo unadanganya, basi na kihesabu kilomita kinadanganya, na tarehe zote za kubadilisha mafuta na mikanda tunazifuata kwa saa mbovu. Nikampigia fundi kumuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kimya kidogo, kisha: "Mama, si nilimwandikia baba kwenye karatasi?"

Injini ile inatumia mkanda wa mpira wenye meno, unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa mpangilio na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hukutana na valvu, na hapo huulizi tena bei ya mkanda, unauliza bei ya injini. Fundi alipoutoa wa kwetu, akaupinda mbele yangu. Upande wa ndani ulikuwa na nyufa kila penye mkunjo, na jino moja liling'oka kwa ukucha wa kidole gumba. Nililiomba jino lile, nikaliweka mezani kwenye sahani ya baba watoto, kando ya ugali. Hakusema kitu. Alikula.

Mngedhani somo limeingia. Zikafuata pesa za sofa.

Sofa letu lilikuwa limebonyea upande mmoja kiasi kwamba wageni wawili wakikaa hujikuta wamekuwa ndugu. Tulikubaliana kuweka akiba. Nikaenda Moshi kwenye msiba, na niliporudi nikakuta akiba imekuwa bampa la chuma, winchi ya kujivutia kwenye tope, betri ya pili ya kuilisha winchi, na keria ya kubebea jeki ndefu. Shemeji alikuwa amekaa juu ya bampa lile, kwa raha zake, kama mtu aliyekaa sofani.

"Shemeji, hii ni usalama wa familia," akaniambia.

Fundi alipoulizwa, hakubishana na mtu. Alieleza tu kwamba pikapu ya aina hii imeundwa kubeba karibu tani moja, na ndani ya tani hiyo hesabu watu, maji, mapipa ya dizeli na kila pambo ulilofunga kwa bolti. Springi ngumu hazimwongezei mtu ruhusa ya kubeba. Chesisi, beringi na breki ni zile zile. Mimi nikaitafsiri kwa lugha ya daftari: kila kilo ya bampa ni kilo ya vitunguu inayobaki shambani. Na kilo ya juu ya keria ni mbaya zaidi, maana ndiyo inayolivuta gari kuanguka likipita penye mwinamo.

Vitunguu vya msimu ule vilituonyesha kwa vitendo. Tulikuwa tumetoka Karatu na magunia, tunateremka ule ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu, Ziwa Manyara likimeremeta kule chini. Mama mkwe yuko mbele, mimi na shemeji na binti nyuma.

"Kuna kitu kinaungua," akasema mama.

"Si sisi, mama, ni lile lori," akajibu shemeji.

Lori lilitupita. Harufu ikabaki. Baba watoto akakanyaga breki, pedali ikazama zaidi ya kawaida, na uso wake kwenye kioo ukawa wa mtu anayesali. Alirudisha gia hadi ya pili, akaiachia injini kazi ya kulishikilia gari, tukaegesha penye nafasi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele yote mawili. Ya nyuma yalikuwa baridi, unaweza kuyashika.

Tukiwa tumeduwaa hapo, nyani wa ukingo ule wakatoka vichakani. Vitunguu hawakuvitazama. Mmoja alipanda kwenye bampa, akatoka kwenye bampa akapanda boneti, akaingiza mkono dirishani, akaondoka na hotpoti la wali. Mama mkwe alimpigia kelele kwa Kichaga. Nyani hakuwa mtu wa Kilimanjaro. Aliendelea na shughuli zake.

Fundi alielewa kwa simu, kabla hata hatujamaliza kueleza. Nyuma ya Hilux hizi kuna valvu inayopima mzigo, imeungwa kwa ufito wa chuma na eksele. Ukipakia, bodi inashuka kuelekea eksele, ufito unaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Sisi tulikuwa tumeinua bodi sentimita tano na kukaza springi. Kwa hiyo magunia yote yale juu, valvu bado iliamini gari ni tupu, ikazinyima breki za nyuma nguvu, na zile za mbele zikabeba pikapu, vitunguu, bampa na ukoo. Dawa yake ilikuwa kipande cha chuma kinachotosha kiganjani, cha kuunyanyua ufito kwa kiasi kile kile bodi ilichonyanyuliwa. Aliyeinua gari alipaswa kukifunga siku ile ile.

Kilichobaki ni snokeli, yaani hilo bomba la hewa la paani. Baba watoto alilitamani kuliko vyote. Kwa kweli lina maana yake: injini ikivuta maji badala ya hewa inapinda vyuma vyake, na huko juu vumbi pia ni pungufu. Bodi ikatobolewa, bomba likafungwa, na mvua za masika zikatuletea korongo lenye maji ya magoti, kama tulivyoagiza.

Baba watoto aliingia kwa kujiamini, akavuta gia ya kuendesha magurudumu manne, katikati ya maji gari likagoma. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, ya mbele yametulia. Pikapu hizi za zamani zina loki kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele, ambazo dereva hushuka na kuzizungusha kwa mkono kabla ya kuingia penye matatizo; bila hivyo, gia ya ndani inapiga kelele za bure. Ilibidi ashuke mle majini, suruali na viatu, akizipapasa loki chini ya maji ya matope huku shemeji akimwelekeza kutoka dirishani. Zilipokubali, tukatoka. Injini haikuvuta hata tone. Tulipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata fundi alikuja kwa ajili ya grisi. Akaomba chombo, akapewa na baba watoto, bila mimi kuwapo, beseni langu la kuoshea mchele. Alifungua bolti ya chini ya difu ya nyuma. Mafuta ya difu huwa ya rangi ya asali. Yaliyotoka yalikuwa mazito na meupe, chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Fundi alichovya kidole, akayasugua na kidole gumba, akatuonyesha: hayatelezi, yanakwaruza.

"Difu nayo inapumua, baba," akasema taratibu. Ina kitundu kidogo juu, chenye kifuniko, ili hewa iliyopashwa na mwendo itoke. Ikitoka barabarani na joto lake ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja ghafla na kuvuta chochote kilicho jirani. Sisi tulikaa mle majini muda wote wa kutafuta loki. Pua ya injini ilikuwa paani, na pua ya difu ilikuwa imezama. Mpira wa kuipandisha pumzi ile hadi nyuma ya kabini, pamoja na klipu zake, uligharimu pungufu ya faini ya trafiki.

Tangu hapo nyumba ina sheria. Hakifungwi kitu kipya kwenye pikapu kabla cha zamani hakijahudumiwa, na anayeleta wazo aje na uzito wake, bei yake, na jina la kitu kingine kitakachoathirika. Kila tukirudi Mang'ola, yu-bolti za springi zinakazwa, filta ya hewa inapulizwa, maji ya chini ya filta ya dizeli yanamwagwa, na kila nipo ya propela inapigwa grisi. Kazi ya grisi amepewa shemeji. Ushauri wake umepungua sana tangu aanze kulala chali uvunguni.

Nawe unayefikiria kuinua pikapu yako, sikia neno la mshika daftari. Pesa ya kwanza mpe fundi: mafuta, mkanda, beringi, breki. Ikibaki, nunua tairi nzuri na uzipime mzunguko wake kabla trafiki hajakupimia. Ikibaki tena, ndipo mzungumzie vyuma, na mzungumze mke akiwapo, si akiwa msibani. Sisi sofa bado hatujanunua.