Namna ya Kulishinda Darasa Lililomo Kwenye Simu

Ukifungua mchezo wa darasa kwenye simu kwa mara ya kwanza, usiguse kitu. Tazama tu. Kuna ubao, meza ya mwalimu, madawati machache na mlango. Punde watoto wataanza kuingia, kila mmoja na shida yake: huyu penseli imevunjika ncha, yule anataka kwenda chooni, wa tatu kapanda juu ya dawati, wa nne kalala na mkoba mgongoni. Juu ya kila kichwa kuna makopa mekundu kama ya karata. Yanapungua moja moja kadiri unavyomcheleweshea mtoto haja yake, na yakiisha mtoto analia, kisha kilio kinahamia dawati la jirani. Ukiwafikisha wote kwenye kengele hawajaangua kilio, umeshinda.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka 11 na mchezo huu nauheshimu. Ndiyo maana nakuandikia namna ya kuucheza.

Anayeanza hukimbilia mwenye fujo. Usifanye hivyo. Aliyepanda dawati ana makopa yake yote. Yuko juu huko anajiona rubani, anaweza kusubiri. Tafuta mtoto wa pembeni, kimya, aliyebakiza kopa moja. Mguse yeye kwanza. Darasani kwangu huyo ndiye anayebana miguu na kutazama sakafu, kwa sababu anaona haya kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, naomba kwenda nje." Ukimaliza kwanza kesi ya rubani, ya huyu utaimaliza kwa dekio.

Kisha jifunze kufunga kazi matita. Ukoo wa michezo hii ni wa zamani kuliko simu zetu: mwaka 1983 kulikuwa na Tapper, mhudumu wa baa akikimbia kati ya kaunta nne kuwarushia wateja vinywaji kabla hawajamfikia. Miaka ya mwanzo ya 2000 ikaja Diner Dash, ambamo dada aitwaye Flo anaacha kazi ya ofisini na kufungua mgahawa. Flo ndiye aliyewafundisha wachezaji siri inayotumika hadi leo: ukifanya kazi ya aina moja mfululizo, alama zinapanda. Pokea oda za meza zote, ndipo uende jikoni. Kwenye darasa la simu maana yake ni kukusanya penseli zote butu, kuzichonga kwa mkupuo mmoja, na kuzirudisha kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa nachonga moja moja kwa wembe, kila anayekuja na yake, mpaka kipindi kinakwisha na ubaoni nimeandika tarehe tu. Sasa nina kopo la penseli zilizochongwa tangu asubuhi. Mtoto anatumbukiza butu, anachomoa kali, anarudi kukaa. Hatuongei hata neno.

Sarafu za mchezo usizile kwa mapambo. Utaonyeshwa chombo cha maua, pazia, saa ya ukutani yenye sura ya twiga. Pita. Nunua kitu kinachokupunguzia hatua za kutembea: ndoo ya pili ya taka, kabati karibu na mlango, kichongeo cha pili. Kama kuna nafasi ya monita, mchukue mapema, na umpe kazi ya kweli. Kwangu kuna monita wa vizibo. Vizibo vya soda ndivyo tunavyohesabia, na mtoto aliyekabidhiwa mfuko wa vizibo hupanda cheo mbele ya macho yako. Niliwahi kumpa mfuko ule rubani mwenyewe. Hajapanda dawati tena, hana muda.

Ukikuta kitufe cha kukaripia, kiache. Kinanyamazisha mmoja na kuwatoa makopa waliokuwa wakiandika vizuri. Mwanasaikolojia Jacob Kounin, aliyekuwa akifundisha Detroit, Marekani, alipiga picha za video madarasani ili aone walimu wenye madarasa tulivu wanakaripiaje. Mwaka 1970 akachapisha kitabu kuhusu alichokiona: ukaripiaji haukuwa na tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa. Mwalimu wa darasa tulivu alikuwa na macho kisogoni, watoto walijua anawaona wote, aliweza kushika mambo mawili kwa pamoja, na hakuwaacha wakae bila kazi. Nilipoyasoma hayo nilitamani ningeyajua mwaka wangu wa kwanza. Michezo niliyocheza haina fimbo, na madarasa yake hutulia. Naliandika hili kwa uzito wote, na nawaomba walimu wenzangu wanaosoma haya kwenye simu wakiwa ofisini walifikirie.

Sasa hatua ya mwisho, ile ambayo mtengenezaji hakuiweka. Kwenye simu utapambana na watoto 10, labda 12. Mwongozo wa serikali ya Tanzania ni watoto 45 kwa darasa la msingi. Daftari langu la mahudhurio lina majina 97. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2002, kama Kenya walivyofanya mwaka 2003, watoto waliokuwa wakichunga na kuuza karanga walikuja shule. Walikuja pia kwa wingi mwaka 2016, michango ya shule ilipofutwa. Nafurahi walikuja, madawati ndiyo hayakuja kwa kasi ileile, wala walimu.

Hatua hii huchezi kwa kidole. Wagawe kwa safu, kila safu na kiongozi wake. Usibadilishe somo kwa maneno: piga makofi matatu, nao wajibu mawili, na makofi ya pili yakilia daftari zimeshafungwa. Tembea, aliyezoea kukaa mezani huona safu mbili tu. Na kwa sababu watoto wako hawana makopa juu ya kichwa, jifunze pengine pa kuyasoma: anayelamba midomo saa nne hakunywa chai, anayelala kila Jumatatu uliza nyumbani Jumapili kuna nini, anayecheka sana leo hakuelewa kutoa kwa kuazima.

Kengele ikilia, simu itakupa nyota tatu na muziki. Kwangu wanatoka wote kwa mpigo, vumbi linabaki hewani, na yule wa pembeni amesimama mlangoni kakunja ngumi. Anaifungua. "Mwalimu, kizibo kimoja kilibaki kwangu." Kizibo kimemwachia alama ya duara kiganjani. Hajaondoka, ana la pili la kusema. Hapo usibonyeze hatua inayofuata. Vuta kiti, ukae, macho yenu yawe sawa.