Stars Yenyewe ni Timu Ndogo

Kikosi cha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kinapotangazwa, mambo mengi huharibika mjini. Kinyozi huacha kichwa cha mteja nusunusu, upande mmoja umeshachongwa na mwingine haujaguswa, kwa sababu mkono wenye mashine ndio huohuo unaoeleza kwa nini namba tisa fulani ameachwa. Konda husahau chenji, na kwa bahati ya ajabu husahau ya abiria tu. Maharage ya mama lishe huungua, nayo huuzwa kwa bei ileile. Hasara zote hizi zingevumilika kama ubishi ungekuwa wa mpira, lakini ukitega sikio utagundua kwamba kinachopimwa ni jezi. Mshambuliaji wa Simba akikaa benchi, shabiki wake atakwambia anatunzwa kwa ajili ya taifa. Wa Yanga akikosa goli la wazi, kosa ni la nyasi. Wa klabu ya mkoani akifunga kila wiki, mashabiki hao wawili, ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu penalti iliyo wazi, hupeana mikono na kutoa hukumu moja: bado hajakomaa.

Mimi nasema huyo wa mkoani ndiye aitwe kwanza, na ushahidi wangu ni George Mpole. Msimu wa 2021/22 alifunga magoli 17 akiwa na Geita Gold, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, akamzidi kwa goli moja Fiston Mayele wa Yanga. Tukumbuke kwamba Yanga ya msimu ule ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Tukumbuke pia kwamba ligi yetu imezoea kuwavika wageni taji la ufungaji: Amissi Tambwe wa Burundi, Emmanuel Okwi wa Uganda, kisha Meddie Kagere, aliyeondoka na magoli 23 msimu mmoja na 22 uliofuata, halafu akaenda zake kuichezea Rwanda. Mzawa anapowapita watu wa aina hiyo, tena bila mabeki wa pembeni wa kummiminia krosi tangu dakika ya kwanza hadi ya tisini, kumjadili kama anafaa kuitwa ni kuunguza maharage bure.

Watakaonipinga watasema magoli ya timu ndogo hayana uzito, maana taifa linakutana na mabeki wa Algeria. Hapo ndipo hoja yao inaponisaidia mimi. Mbele ya Algeria, Stars yenyewe ni timu ndogo. Haitapata nafasi kumi. Itapata moja, labda na nusu ya pili, na aliyeizoea hali hiyo ni yule ambaye kila wiki husubiri mpira mmoja wa maana hadi shingo imuume. Mshambuliaji wa klabu kubwa amezoea kukosa mara nne na kufunga ya tano. Akija Stars atazikosa zile nne, na ya tano haitafika. Hesabu za kufuzu AFCON ya 2023 zinaonyesha hivyo: Stars ilifunga magoli matatu tu katika mechi sita, ikapata pointi 8, ikaiacha Uganda na 7. Moja kati ya hayo matatu alilifunga Mpole ugenini dhidi ya Niger mwezi Juni 2022, mechi iliyoisha 1-1. Ondoa goli lile, tunabaki na pointi 7 kama majirani zetu, tukihesabu magoli kwa vidole na kuomba dua.

Watu wa Jangwani, yaani Yanga, watanikumbusha kwamba magoli mawili yaliyobaki ni ya Simon Msuva, aliyetamba kwao. Ni kweli, na nawapa heshima yao. Lakini Msuva hakupewa nafasi kwa sababu ya rangi ya jezi. Msimu wa 2014/15 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 17, idadi ileile ya Mpole. Kwa hiyo kipimo ni kilekile, na kikimfaa winga wa Yanga hakiwezi kugeuka kuwa kifupi kinapomfikia mtu wa Geita. Wengine watasema mfungaji wa msimu mmoja huzimika haraka. Huenda, ila wito wa kambini si ndoa. Kocha anamwita mchezaji kwa kiwango chake cha sasa, na kiwango kikishuka anamrudisha klabuni bila mahari kudaiwa na upande wowote. Na uzoefu wa mechi za kimataifa, ambao ndio kisingizio kikubwa cha kumwacha mtu nyumbani, haujawahi kupatikana nyumbani.

Basi aitwe. Akifunga, Simba wa Msimbazi watasema waliliona jicho lake mapema, na Jangwani watasema walishamfuata wakashindwana bei. Akikosa, pande zote mbili zitapata mtu wa kumlaumu asiyewagombanisha, na umoja wa kitaifa wa namna hiyo hatuupati mara nyingi.