Kiti Kina Risiti, Tusi Halina: Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Soka la Kenya

Kwa Rais na Kamati Kuu,
Shirikisho la Soka la Kenya,
Nairobi.

KUH: KONGOLE KWA KUVILINDA VITI

Waheshimiwa,

Pokeeni kongole zetu, sisi tunaojaza matatu kutoka Kibera na Kawangware kwenda uwanja wa Nyayo siku ya Mashemeji, debi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hakuna nchi inayokionea huruma kiti cha plastiki kama yetu. Kiti kikivunjwa, kamati huketi na klabu hutafutwa. Ghasia zilipozuka Nyayo Machi 2012, Gor Mahia, yaani K'Ogalo, wakicheza na AFC Leopards, milango ya viwanja vya serikali ilifungwa mbele ya K'Ogalo. Lakini mtu mzima anaweza kusimama jukwaani akatukana kabila la golikipa, govi lake na mama aliyemzaa, dakika 90 pamoja na za nyongeza, kisha akateremka zake kununua karanga. Tunaelewa. Kiti kina risiti, tusi halina.

Tunakumbuka pia kwamba dawa iliwahi kutolewa. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe na vilabu vivue majina ya makabila. Abaluhya, klabu iliyozaliwa 1964, ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Reunion. Ukabila, ukishasoma ubao wa matokeo na kutoliona jina lake, ulitarajiwa uone haya na kuhama nchi. Haukuhama. Ulikata tiketi ukaketi pale pale. Baadaye tulipewa sheria yenye meno: kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinamwahidi anayechochea chuki ya kikabila kwa maneno faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya FIFA nayo, katika kifungu cha 4, inakataza ubaguzi wa rangi na wa kabila kwa pumzi moja. Meno yapo. Mnayatunza tu yasichakae.

Mtatujibu, na wengi watawaunga mkono, kwamba huo ni utani: Mluo wa Gor Mahia na Mluhya wa Leopards ni mashemeji, ndiyo maana mechi ikaitwa hivyo. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hawajui majirani zake. Lakini utani una masharti. Watani hujuana, hutaniana kwa zamu, na aliyetaniwa leo hujibu kesho bila hofu. Golikipa aliyezungukwa na maelfu hana zamu. Isitoshe, Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge, wachezaji wa kimataifa wa Rwanda, waliivaa jezi ya Gor Mahia; ushemeji wa mchezaji wa namna hiyo na jukwaa la Nairobi ulianzia wapi? Na mwamuzi je, anayeulizwa kabila lake kila anapopuliza penalti? Utani unaomtaka anayetaniwa anyamaze si utani tena.

Mtasema vilevile kwamba maneno hayavunji mfupa. Hilo tuulizwe sisi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa Kibera, soko la Toi likachomwa, na majirani wakakimbiana kwa kabila. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika kuhusu wanaume Waluo waliotahiriwa kwa nguvu: tusi lile lile la govi linaloimbwa jukwaani kama kichekesho, safari hii limeshikiwa kisu. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, moto na mapanga vilifika Kawangware, jirani akimwinda jirani kwa sababu ya kabila lake. Hatusemi mpira ndio uliowasha moto huo, siasa iliuwasha. Tunasema jukwaani ndipo lugha ya moto huo hufanyiwa mazoezi bila adhabu, na aliyefanya mazoezi hurudi jioni kwenye ploti anamochangia bomba na choo na watu wa kabila alilokuwa akilitukana.

Utetezi wa mwisho ni kwamba wahuni wa mitaa ya mabanda hawadhibitiki, kwa hiyo heri klabu itozwe faini au mechi ichezwe bila mashabiki. Hesabu hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio kasoro yake: inawaadhibu maelfu walionyamaza na kumwacha aliyesema. Mei 2023 mshambuliaji Vinícius Júnior alitukanwa kwa rangi yake uwanjani Mestalla, Valencia, na hasira ikafika hadi vibanda vya kuonyesha mpira vya Kibera. Klabu ya Valencia iliadhibiwa, lakini mambo hayakuishia hapo: Juni 2024 mahakama iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi 8 na kuwafungia milango ya viwanja. Walitafutwa watu, wakapatikana watu. Wala msituambie hatuna kamera. Simu zinazorekodi kila bao Nyayo hurekodi na sauti, na video za majukwaa husambaa mitandaoni kabla timu hazijapanda basi.

Basi tunawaomba kazi ndogo. Kamishna wa mechi aliandike tusi la kikabila katika ripoti yake kama anavyoandika kadi nyekundu. Mwamuzi apishanishe mikono, ishara ambayo FIFA iliipitisha Bangkok Mei 2024, kisha asimamishe mchezo na, ikibidi, auvunje. Ushahidi upelekwe kwa polisi na kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na aliyetukana azuiwe langoni yeye mwenyewe, si mtaa wake wala kabila lake. Hayo hayahitaji sheria mpya wala kubadilisha jina la klabu yoyote. Anzeni na mtu mmoja, kwa jina lake, katika mechi ijayo ya Mashemeji.

Wenu katika mchezo,
Shabiki wa jukwaa la bei nafuu