Risala kwa Vumbi la Karatu

Karatu kila kitu kina msifiaji wake. Kahawa ya Oldeani inasifiwa na wanaoiuza, vitunguu vya Mang'ola vinasifiwa na wanaovila, na faru wa kreta ya Ngorongoro anasifiwa kila jioni hata na watu waliozunguka kutwa nzima bila kumwona. Vumbi peke yake halina msemaji. Hutajwa kwa kukohoa. Leo naomba kulisomea risala, maana nimechoka kuona mkubwa wa namna hii akifukuzwa kwa ufagio.

Tuanze na ukarimu wake. Hotelini mgeni hupewa juisi ya baridi na kitaulo cha kujifutia uso, tena awe na vocha. Vumbi hupokea wote, mwenye vocha na asiye nayo, mtalii na utingo wa lori la vitunguu. Lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani kutoka Makuyuni inaishia Loduare, lango la kuingilia hifadhini. Mbele ya hapo ni himaya yake: ukingo wa kreta, Oldupai, Ndutu. Na kwa kuwa magari yote yanatakiwa yawe yameshatoka kreta ifikapo saa kumi na mbili jioni, msafara hurudi Karatu kwa mkupuo, na giza linapoingia kila sakafu ya mbao mjini imeshapata wageni wawili kwa bei ya mmoja: mtalii na udongo wake.

"Kaka, viatu!" dada wa usafi anamwita dereva aliyebeba mabegi.

"Samahani dada, nimeshakung'uta."

"Umekung'utia wapi? Hili la kijivu ni la kreta, sawa. Hili jekundu ni la hapa hapa mjini. Ulipitia gereji."

Dereva hana la kujibu. Wekundu wa udongo wa Karatu ni kutu ya chuma kilichokuwa ndani ya mawe ya volkano yaliyooza zamani sana. Vumbi la ndani ya kreta limechanganyika na majivu na chumvi ya Ziwa Magadi lililo mle chini, ndiyo maana limepauka. Dada huyu hajasoma jiolojia popote. Amesomeshwa na sakafu.

Wanaolilaani vumbi hawajajiuliza nani anawalipa mshahara. Mlima Ol Doinyo Lengai na volkano zilizoutangulia zilitapika majivu, upepo ukayapeleka magharibi, yakatandazwa juu ya nyanda za Ndutu na kusini mwa Serengeti. Majivu hayo yana kalsiamu na fosforasi, na nyasi fupi zinazoota juu yake zinamfaa nyumbu anayenyonyesha. Kwa hiyo nyumbu huenda kuzalia huko mwanzoni mwa mwaka, kati ya Januari na Machi. Nyumbu wanaleta simba, simba wanaleta watalii, watalii wanaleta hoteli, na hoteli ikishashika fedha haitaki tena saruji iliyopakwa polishi nyekundu, inataka mbao. Irudishe hesabu hiyo nyuma, utakuta sakafu ya mninga pale mapokezi imelipiwa na vumbi. Kisha mwenye mali anapokuja jioni kutazama alichojenga, tunamkabili na dekio.

Vumbi ni mwalimu pia. Sakafu ya saruji haimfundishi mtu kitu: unamwaga maji, unasukuma, unaenda zako kunywa chai. Mbao zina masharti, na karibu yote yametungwa na vumbi. Ukitanguliza maji, chembe zinageuka tope, na tope linazama kwenye vinyweleo vya mbao. Basi kavu kwanza, kwa ufagio laini, kwa kufuata nyuzi za mbao na si kuzikatisha. Halafu dekio lililokamuliwa mpaka halitoi tone, na sabuni ya maji kidogo; ya unga ibaki kwenye mashuka. Viti vivalishwe vipande vya blanketi miguuni. Mlangoni pawe na mikeka miwili, wa nje mgumu na wa ndani laini, kwa sababu wazungu wengi hawavui viatu na hakuna meneja mwenye ujasiri wa kuwaambia.

Asiyefuata masharti huadhibiwa taratibu. Majivu ya volkano yana vipande vidogo vya kioo na madini magumu kuliko vanishi, na kila apitaye anavisugua kwa soli kama msasa. Baada ya misimu michache njia ya kutoka mlangoni hadi kaunta inachujuka, ile ya kwenda baa inachujuka zaidi, na meneja anajua wageni wake wanapenda nini bila kufungua daftari la mauzo. Ndipo fundi anapoitwa na mashine ya msasa, namba 60 kwanza, baadaye 80, kisha 120, na nyumba nzima inakula unga wa mbao kwa wiki. Ubao mzima wenye unene wa milimita 20 unavumilia kukwanguliwa mara kadhaa katika maisha yake. Ule wa kubandika, wenye ngozi nyembamba tu juu, unavumilia mara moja, tena kwa dua. Fundi huyo ana watoto shuleni. Mnadhani ada inatoka wapi?

Sijataja bado wema wake kwa seremala mzembe. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Masika ukungu unaingia mpaka vyumbani, mbao zinavimba na kubanana. Kiangazi, na kuni zikiwaka mekoni kila usiku, zinasinyaa. Ubao uliopigiliwa kabla haujakauka sawasawa huacha nyufa za kuingiza sarafu. Fundi mwangalifu huchanganya unga wa mbao na gundi akaziba. Vumbi huziba bure, usiku, bila kudai malipo ya awali, na kwenye mninga hata rangi inaelekeana. Aliyeagiza mbao nyeupe kutoka nje, akazipaka vanishi ya kung'aa, akaja kuzitandika Karatu, mimi simwonei huruma. Sakafu inayong'aa husema kila unyayo uliopita. Iliyopakwa mafuta au nta inajua kutunza siri za watu. Nyumba za udongo hazikuwa na ugomvi huu hata kidogo. Kule sakafu na vumbi ni ukoo mmoja, na kilichotoka kwa ufagio hurudi siku ya kusiriba.

Tena tazameni upendeleo. Karibu na Oldupai kuna rundo la mchanga mweusi wa volkano, lenye umbo la hilali, linalosukumwa na upepo likihama mita kadhaa kila mwaka. Chembe zake zina sumaku. Watu wanatoka ng'ambo kulitazama. Mwongozaji anachota kiganja kimoja, anakirusha juu, kamera zinalia. Vijiko viwili vya mchanga huohuo vikionekana chini ya kitanda cha chumba namba nne, mtu anaitwa ofisini kujieleza.

Ushahidi wangu mkubwa lakini uko Laetoli, ndani ya eneo hilohilo la Hifadhi ya Ngorongoro. Yapata miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilitandaza majivu, mvua ndogo ikayalowesha, na watangulizi wa binadamu wakapita juu yake kwa miguu miwili bila kujifuta popote. Majivu yakaganda, mengine yakaja juu yakafunika. Mwaka 1978 timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilipata pale nyayo zipatazo 70, katika njia ya mita 27 hivi, na mwaka 2015 Fidelis Masao na wenzake wakapata nyingine umbali wa mita 150. Hebu fikirini kama siku ile kungekuwa na dada mmoja makini, na ndoo yake.

Na sakafu hiyo inatunzwaje? Mwaka 1979 watafiti waliifukia kwa mchanga. Mchanga ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, mizizi ikaanza kuzifuata nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani walifika na wataalamu wa uhifadhi, wapima ramani na kamera. Waliondoa mizizi, wakachora kila unyayo, wakajadiliana sana. Walipomaliza walishika sepetu wakafukia upya: mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, udongo, na mawe ya volkano juu. Hakuna aliyeulizia polishi.