Sifa za Herufi Bubu

Heshima kubwa wanastahili wasomi wa Uingereza wa karne ya 15 na ya 16, ambao, walipoona kwamba neno dette, yaani deni, lililotoka Ufaransa, linaandikwa karibu kama linavyotamkwa, walilihurumia, wakalipachika herufi b kwa kumbukumbu ya babu yake wa Kilatini, debitum, likawa debt. Na kwa kuwa b hiyo haitamkwi, haimsumbui mtu yeyote isipokuwa anayeandika. Ukarimu wao haukuishia kwa wenye nasaba. Neno island, yaani kisiwa, ni la Kiingereza cha kale, wala halina udugu na insula ya Kilatini, lakini lilipewa s ya ukoo huo, kama mtu aliyetundikiwa picha ya babu wa jirani sebuleni, na hakuna mrithi aliyelalamika. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake ya 1755, aliamua kwamba ache, yaani maumivu, lina asili ya Kigiriki, na tahajia, yaani mpangilio wa herufi, ikatii, ingawa Wagiriki hawakuhusika. Busara iliyo kuu zaidi imo katika receipt na deceit, maneno ya shina moja la Kilatini, ambapo stakabadhi ilitunukiwa p na udanganyifu ukanyimwa, bila shaka kwa sababu za kimaadili. Waswahili, kwa haraka zao, waliandika risiti, wakamnyima mtoto wao miaka kadhaa ya nidhamu ya imla.