Liyongo Juu ya Meza ya Chakula

Shule zilipofungwa, meza yetu hapa Kau iliacha kuwa ya chakula. Binti yangu na kaka yake waliitwaa kutengeneza filamu ya Fumo Liyongo, shujaa wa zama za wafalme wa Pate, ambaye kaburi lake huonyeshwa Kipini, mto Ozi unapoingia baharini. Udongo waliuchota ukingoni, wakafinyanga watu juu ya mifupa ya waya wa shaba. Kisima kilikuwa kikombe cha kahawa kilichokandikwa matope.

Kazi yenyewe ni ya subira: unausogeza mkono wa kinyago kidogo, unapiga picha kwa simu, unausogeza tena. Kwa hesabu yao, picha 12 hutoa sekunde moja. Dakika moja hutaka 720. Sisi wengine tulikula mkekani na kutembea kwa kunyata.

Msiba wa kwanza aliuleta kuku. Alirukia mezani akaudonoa mkate wa wishwa ambao Saada, kijakazi, alimpelekea Liyongo gerezani ukiwa na tupa ndani yake. Katika kisa, walinzi waliudharau mkate huo. Kuku hakuudharau, alibakisha tupa tu.

Msiba mkubwa ulikuja kwenye onyesho la kifo. Mwana wa Liyongo amemchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, na shujaa amekwenda kisimani, akapiga goti, upinde mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wamemwona wakadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Hapo wanakijiji hutetemeka na kurudi nyuma, naye asitikisike hata unywele. Mume wangu akarudi na jarife lake, akaisukuma meza kidogo apate kulitundika. Usiku tulipotazama, maiti ikaruka.

"Hakufa!" mavyaa wangu akapiga ukelele.

Kijana alitaka kufuta yote. Bibi yake akamkataza: "Mjukuu wangu, rudia. Na watu wakae na kiu zaidi, mpaka mamake Liyongo aletwe kumsihi." Kiu hiyo watu wa Kau tunaijua, maana maji ya bahari hupanda Ozi yakaharibu mashamba na kukausha miembe. Asubuhi mume wangu alipigilia vigingi sakafuni, akafunga miguu ya meza kwa kamba, na simu akaikaza kwenye ubao. Onyesho likapigwa upya, likatulia.

Kazi kubwa za namna hii zimewahi kufanyika katika vyumba vidogo. Lotte Reiniger, Mjerumani, alikata watu wa karatasi akawasogeza picha kwa picha katika chumba cha juu ya gareji, na baada ya miaka mitatu hivi, mwaka 1926, akatoa filamu ndefu ya visa vya Alfu Lela Ulela. Liyongo naye aliandikiwa utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kutoka karatasi hadi kioo cha simu, kisa kinahitaji mikono ya kukibeba na mzee wa kukisimamia.

Mzazi mwenzangu, watoto wakiomba meza, wape. Mketishe bibi yao karibu, asahihishe wakati sauti yake ingalipo, na kuku mfungie nje.